Mstari Mtupu Kati ya Wachoma Nyumba

Mpaka leo nikipita mahali msichana anapaka rangi ya kucha, nasimama kidogo. Harufu ile hunirudisha kwenye chumba cha taipu cha ofisi moja ya baraza mjini Kisii, katikati ya miaka ya tisini, alasiri mvua inapoanza kugonga mabati na ofisi nzima inaingiwa na usingizi. Dawa tuliyotumia kufutia makosa ilinuka vivyo hivyo. Ilikaa kwenye kichupa chenye brashi ndogo, na mimi ndiye niliyeimaliza kuliko wenzangu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na haraka na akili yangu ilikuwa na tabia ya kutembea peke yake.

Kwa aliyezaliwa juzi, nieleze kidogo. Tulipiga taipu kwenye stensili, karatasi laini yenye nta. Herufi ziliitoboa, kisha ikafungwa kwenye mashine ya wino, mtu akazungusha mkono, na nakala zikatoka moja moja zikiwa na unyevu. Ukikosea ulipaka dawa, matundu yakaziba, ukapuliza, ukapiga upya juu yake. Mwenzangu wa meza ya pili, dada mmoja wa kutoka upande wa ziwa, alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Alinionya siku yangu ya kwanza.

"Paka herufi moja, mbili," aliniambia. "Usipake jina mzima. Ukisahau kupiga tena itabaki shimo, na hiyo shimo kila mtu ataona."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimesoma shule ya Sironga mpaka kidato cha nne, nina cheti cha taipu na viatu vya kisigino nilivyonunua kwa mama wa mitumba wa Daraja Mbili. Niliona hakuna shimo duniani la kunisumbua mimi.

Mwaka huo madiwani walikuwa na hasira, na sikatai kwamba walikuwa na sababu. Nyumba zilikuwa zinachomwa. Kikongwe anasingiziwa uchawi, vijana wanakusanyika mchana kweupe, na jua likizama pamebaki majivu na watu wanaotazama chini. Ndugu wanagombania mpaka wa shamba, na ghafla paa la mmoja linashika moto. Ndipo kamati ikaandika sheria ndogo, na rasimu ikaletwa kwangu ikiwa imejaa mikwaruzo ya kalamu. Kila mtu aliye hai ambaye amewahi kufungwa kwa kuchoma nyumba angeandikwa kwenye daftari la umma. Daftari lingekaa ofisini, yeyote alifungue bila kuomba ruhusa. Orodha ingetundikwa kwenye ubao wa kila soko, kuanzia Daraja Mbili hadi Nyamarambe, na madiwani wa upande wetu wa Nyamira nao walikuwa wameomba watu wao waingizwe. Aliyeandikwa akitaka kuhama angemwarifu chifu wa anakotoka na chifu wa anakokwenda.

Niliipiga rasimu hiyo kwa moyo mweupe. Niliwafikiria wale vikongwe, na nikaona vyema wachomaji wao wajulikane. Hata niliongeza mstari chini ya kichwa cha habari, mstari ambao hakuna aliyeniomba, ili kipendeze.

Mtu anaweza kuuliza kama sikumfikiria baba yangu. Sikumfikiria. Nyumbani kwetu jambo lile halikuwa na jina, na mimi nilikuwa nimejizoeza kulipita kwa mbali, jinsi unavyopita sehemu ya njia yenye siafu bila hata kukatiza mazungumzo. Nilikuwa hodari sana wa kupita kwa mbali.

Majina yakaanza kuletwa na machifu, yameandikwa kwa kila aina ya mkono, mengine kwa penseli, karatasi moja ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Karani mkuu aliniwekea zote mezani akasema, "Madam, hii kazi iko na haraka. Hawa watu wanataka kutundika kabla hata Nairobi haijajibu." Sheria ndogo ilihitaji kukubaliwa na waziri, lakini madiwani hawakuwa na subira ya kungoja barua.

Karatasi ya lokesheni yetu, eneo la chifu wetu, niliifikia alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani mpaka dirishani, na taipureta ilikuwa inalia polepole, kama inaota. Nilikuwa nimefika nambari kumi na saba. Nikapiga jina, nikapiga kijiji, nikapiga mwaka wa kifungo, na nilipofika safu ya mwisho, ile ya mwenye nyumba iliyochomwa, vidole vikasimama. Jina la mwenye nyumba lilikuwa la baba yangu mkubwa. Nikarudi mwanzo wa mstari. La baba yangu nilikuwa nimelipiga lote bila kulisoma.

Sasa itabidi nirudi nyuma, na huko nyuma kuna moshi kidogo, kwa hiyo sitadai kwamba naona kila kitu.

Nilikuwa na miaka sita hivi. Wakati huo jiko likizimika mtu hakukimbilia dukani kununua kibiriti. Mtoto alitumwa kwa jirani kuomba moto. Ulikwenda na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, ukatandaziwa majivu na kuwekewa makaa mawili matatu juu yake, ukarudi mbio ukikilinda na upepo. Tulipenda kutumwa. Kubeba moto ilikuwa dalili kwamba umekua, na wale wadogo walikufuata nyuma wakitaka waonyeshwe.

Alasiri hiyo mama alinituma kwa jirani wa ng'ambo, na njia ya kurudi ilipita nyuma ya jiko la baba mkubwa, ndugu mkubwa wa baba. Lilikuwa jiko la nyasi ambalo paa lake lilishuka karibu kufika chini, na kando yake palikuwa na ghala ya wimbi, ulezi wa kwetu. Kigae kilianza kuniunguza. Nikakiweka chini, nje tu ya paa, palipokuwa na kinga ya upepo, ili nibadilishe mkono. Kaa moja likadondoka. Halikuwa kubwa, lilikuwa kiasi cha punje ya mahindi. Niliogopa mama atasema nimemwaga moto njiani, basi sikuliokota wala sikulikanyaga. Nililifukia kwa mguu, chini ya majani makavu ya mgomba, ili asilione mtu. Nakumbuka majani yale yalivyokuwa laini. Nikachukua kigae changu nikaenda.

Mama aliwasha jiko, akabandika maji ya ugali. Maji hayakuchemka. Tulisikia mayowe kwanza, halafu sauti ambayo sijaisikia tena, ya wimbi likipasuka punje kwa punje.

Hakuna aliyeumia. Ilikwenda nyumba ya jiko, ghala, na banda la kuku. Lakini wiki hiyo hiyo baba na ndugu yake walikuwa wamegombana mpakani mbele ya watu, na baba alikuwa amesema, "Utaona." Kila mtu alilisikia neno hilo, na kila mtu akalikumbuka. Polisi walikuja na kitabu kirefu. Walichukua kibiriti cha kuwashia sigara kutoka mfuko wa shati la baba wakakifunga kwenye karatasi ili kiwe ushahidi, na mimi nilisimama nyuma ya mama nikikitazama kile kibiriti, nikijua kwamba hakijafanya lolote. Baba hakubisha. Mahakamani pia, nilivyosikia baadaye, hakubisha. Akafungwa miaka minne.

Nimejaribu mara nyingi kumuuliza yule mtoto kwa nini hakusema. Alikuwa na hofu, na siku zikapita, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Mwishowe nikaanza kudhani labda niliota. Kuna miaka ambayo nilikuwa na hakika kabisa kwamba niliota.

Toka siku hiyo hakuna aliyetupa moto. Hakuna pia aliyekataa kwa maneno. Watu wetu wana adabu. Ulifika na kigae chako, ukaambiwa moto wetu nao umezimika mwanangu, na juu ya kichwa cha anayekuambia moshi unatoka kwenye nyasi za paa. Nyumba ya mchoma nyumba haipewi moto. Kibiriti mama hakutaka kukiona tena. Kwa hiyo alijifunza kuuzika moto: gogo la mti wa muwati lisukumwe ndani ya majivu, lifunikwe, asubuhi lifukuliwe, lipulizwe. Alifanya hivyo kila siku miaka yote minne, na baba aliporudi akaendelea, kwa kuwa mkono ulishazoea. Nikiwa na homa nililala kando ya lile jivu la uvuguvugu, na lilikuwa mahali pazuri kuliko pote. Hilo nalo linanikera, kwamba kumbukumbu yangu tamu zaidi ya utoto ina chanzo kile.

Baba alirudi amekonda, amejifunza mambo mawili: kushona viatu na kuandika herufi kubwa zilizonyooka. Alikwenda kwa ndugu yake, wazee wakaketi nao, wakala pamoja, na mpaka ukapandwa upya mbele ya mashahidi. Baba mkubwa hakulitaja tena. Watu wengine walilitaja walipokasirika.

Na kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mimi nilipewa jina la mama yake baba, aliyefariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Kwetu jina la aliyetangulia hurudishwa nyumbani kwa mtoto, na mtoto huyo huheshimiwa kwa ajili ya mwenye jina. Baba hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja. Aliniita mama. Nikikohoa, alisema mama anakohoa. Nikikosea, alikataa kunichapa, akiuliza ni nani aliye na mkono wa kumpiga mama yake, na kazi hiyo ikabaki kwa mama mwenyewe, aliyeifanya bila shida yoyote. Mimi nilimwita tata, kama kila mtoto wa Kisii anavyomwita babake.

Basi, huyo ndiye aliyekuwa nambari kumi na saba.

Sikuimaliza stensili siku hiyo. Niliifungia kwenye droo, nikasema mkono unaniuma, na Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilipanga kusema. Njia nzima kutoka barabarani niliyapanga maneno, nikipita kati ya majani chai yenye umande, na yalikuwa maneno mazuri; yangemtoa machozi hata karani mkuu. Nilimkuta baba ameketi mlangoni akishona kiatu cha mtu. Mama alifukua moto akatupikia chai.

Nikawaambia habari za sheria, kwamba kuna daftari, na kuna orodha itakayotundikwa sokoni. Mama aliacha kupuliza. Baba alivuta uzi mpaka mwisho, akaufunga fundo.

"Nimo?" aliuliza.

Nikamwambia yumo.

"Na anayeipiga taipu ni nani?"

"Ni mimi, tata."

"Basi angalau haitakuwa na makosa," alisema, akacheka, akanionyesha kiatu. Aliniuliza kama kule mjini bado wanagundisha soli kwa gundi badala ya kushona. Tukazungumza juu ya gundi. Tulizungumza juu ya gundi mpaka mvua ikanyesha ikakatika, nami nikanywa vikombe vitatu vya chai na sikusema neno hata moja kati ya yale niliyoyapanga. Nilirudi mjini nikijichukia, na sitalipamba: nilikuwa mwoga wa miaka sita kwa miaka kumi na saba mfululizo.

Jumatatu nikatoa stensili kwenye droo. Nikafungua kichupa. Nikapaka jina lote la baba, kijiji, mwaka, na jina la baba mkubwa, mstari mzima, taratibu, bila kuruka. Mwenzangu wa meza ya pili aliinua macho kwa sababu ya harufu. Aliona nilichofanya, akanitazama usoni, akarudi kwenye kazi yake. Nambari kumi na saba niliiacha, maana kuiondoa kungetaka nipige upya kurasa zote. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa wakati huo niliona nimefanya ujanja. Nilikaa nikipuliza ile dawa ikauke, nikajihisi mwepesi, karibu kulala.

Nakala zilizungushwa siku hiyo hiyo. Karani mkuu alikuwa na haraka, akahesabu kurasa, si majina. Kufikia mwisho wa wiki zilikuwa zimegongomelewa kwenye mbao za masoko.

Sasa, mtu wa mahali pengine akiona nafasi tupu kwenye orodha atasema ni kosa la mashine, aendelee na safari. Sisi si hivyo. Sisi kila jina tunalijua ni la nani, alipewa kwa ajili ya nani, na shamba lake linapakana na la nani. Orodha ikiwa na kumi na sita na kumi na nane, na katikati hakuna mtu, huyo asiyekuwepo anakuwa maarufu kuliko wote. Siku ya soko nilikwenda Daraja Mbili wakati wa chakula cha mchana nikawakuta wamejaa mbele ya ubao, akina mama wa ndizi, wauza mitumba, mwenye duka mmoja Mhindi aliyetuuzia stensili zile zile, naye amevaa miwani kabisa. Walioandikwa hakuna aliyewasoma. Walikuwa wakibishana kuhusu kumi na saba.

Mmoja alisema ni diwani fulani amejifuta. Mwingine alisema ni mtu aliyekufa, na jina la maiti halikubali wino. Na kalamu zilikuwa zimeshaanza. Kwenye nafasi yangu tupu mtu alikuwa ameandika kwa penseli jina la mwenye bucha mmoja anayepunja mizani. Jina hilo limekatwa, chini yake limewekwa la mama mkwe wa mtu. Nilicheka kwa kweli. Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili, tuliyekuja pamoja, akanishika mkono. Halafu nikaona jina la tatu, dogo, pembeni. Lilikuwa la bibi mmoja mjane wa kijijini kwetu, anayeishi peke yake na mbuzi wawili, mmoja wa wale vikongwe ambao watu huwazungumzia kwa sauti ya chini. Kicheko kikaniishia. Kwa jinsi miaka ile ilivyokuwa, jina la kikongwe kwenye karatasi kama ile halikuwa mzaha.

Baba alitokea siku ya soko iliyofuata. Alikuja na mikungu miwili ya ndizi, akaiuza kabla ya adhuhuri, akanipitia ofisini tukale. Nilitaka kumpitisha njia ya juu. Akasema hapana, anataka kuona kazi ya mikono yangu.

Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Mvua ilikuwa imepita, watu wamepungua, maji yanadondoka kutoka ukingo wa bati lililofunika ubao. Alisoma kutoka juu, midomo ikisogea. Alipofika kumi na saba midomo ikasimama.

"Mama," aliniita. "Mimi niko wapi?"

"Nilikufuta, tata."

"Kwa nini?"

Nilitazama viatu vyangu. Maneno yote mazuri ya njiani yalikuwa yamekwenda, yakabaki matatu. "Ni mimi niliyechoma."

Niliyasema kwa Kikisii, na kwa sauti ndogo, na mama aliyekuwa akiuza mboga hatua chache kutoka hapo hakugeuka hata. Nilingoja. Sijui nilingoja nini. Labda dunia isimame. Baba aliendelea kutazama karatasi.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe mpakani. Nilikuona ukiweka kigae chini. Nilikuona ukifukia kwa mguu. Nilidhani ni kucheza tu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Nilimuuliza kwa hasira, nashangaa hata leo, kana kwamba ni yeye aliyenikosea. Angesema ni mtoto, ni ajali. Nani humfunga mtoto wa miaka sita?

Akasema nani angeamini, wiki ile, kwamba mtoto wake amepita na moto kwa ndugu yake bila yeye kumtuma. Nilidhani amemaliza.

"Polisi alikuwa na kitabu," alisema. "Aliniuliza, jina la aliyechoma ni nani. Wewe una jina la mama yangu. Ningemtajia vipi aliandike mle?"

Nilisimama na viatu vyangu vya kisigino kwenye matope ya Daraja Mbili, nikalia, na sikujali anayeona. Miaka yote nilikuwa nimejihesabu mtoto aliyejificha nyuma ya baba yake. Sikujua kwamba alikuwa na watu wawili wa kuwaficha, na kwamba mmoja wao alikuwa mama yake.

Aliniacha nilie kiasi. Halafu akagusa penseli za watu kwa kidole. "Huyu mwenye bucha sawa, anastahili," alisema. "Lakini huyu bibi hajawahi kuchoma hata takataka. Ukiacha shimo, mama, watu watatafuta wa kutumbukiza. Nipe kalamu."

Nikamwambia nitaandika langu. Nikamwambia nitakwenda kwa baba mkubwa Jumamosi nimweleze kila kitu.

"Baba yako mkubwa ameshakula nami," alisema. "Usimpe kazi ya kuanza upya akiwa mzee. Na mimi nimeshakaa kule nikarudi. Ukisema leo, ile miaka minne nitakuwa nilifungwa kwa ajili ya nani?"

Nikampa kalamu. Alikata majina yote ya penseli, la bibi yule akalikata mara mbili. Kisha akaandika lake kwa herufi kubwa zilizonyooka, moja moja, akikandamiza mpaka ubao ukawa unasikika. Akaongeza kijiji. Akaongeza mwaka. Kwenye safu ya mwisho akaandika jina la ndugu yake, akarudi nyuma hatua moja kutazama kama mstari umelala sawa na mingine. Akanirudishia kalamu akaniuliza kama nimekula.

Tulikula mandazi na chai. Sikumbuki tulizungumza nini. Nakumbuka mvuke wa vikombe, na yeye akipuliza chai yake kwa ustadi wa mama akipuliza jivu, na nakumbuka nilijisikia nimepewa kitu ambacho sitaweza kukirudisha.

Barua kutoka Nairobi haikuja. Wengine walisema waziri alikataa, wengine kwamba rasimu haikuwahi kutumwa kwake. Daftari lilikaa kwenye kabati la karani mkuu mpaka mchwa wakalipata, na karatasi za masokoni ziliondoka na mvua. Ile ya Daraja Mbili haikuondoka na mvua. Niliibandua mimi mwenyewe, mapema asubuhi moja kabla wauzaji hawajapanga vitu, nami ninayo. Wino wa mashine umefifia. Kumi na saba inasomeka.

Baba alifariki kabla miaka ya tisini haijaisha, na baba mkubwa akamfuata baada ya mavuno. Nilinyamaza mpaka wote wawili wakaondoka, kama nilivyoombwa, na naandika haya sasa kwa sababu hakuna tena wa kuanzishiwa kazi upya. Kama ni kosa, nalo liwe langu.

Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wa kiume. Muuguzi alishika kadi ya kliniki akaniuliza aandike jina gani. Nikamwomba kalamu nikaliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, moja moja, nikikandamiza, mpaka akaniambia mama taratibu, utatoboa kadi. Nyumbani jina hilo silitumii. Mimi namwita tata.